Karatasi ya Mandazi Iliyodhaniwa Ramani

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, Valérie Mbambu anachoma karatasi.

Anazichoma kwenye jiko la makaa nyuma ya kibanda chake mjini Bunia, moja baada ya nyingine, akingoja kila moja iishe kabisa ndipo aweke inayofuata. Ni karatasi za jana zilizoharibika: barua ya kuomba kazi iliyotoka imepinda, cheti cha ubatizo chenye jina lililokosewa, na picha mbili za rangi ambazo hazifanani na kitu chochote duniani. Hizo picha ndizo anazozisimamia mpaka ziwe majivu. Kisha anayakoroga majivu kwa kijiti.

Mwandishi anapomsogelea na kumsalimia, haitikii upesi. Anaomba kwanza kitambulisho. Anakisoma mbele na nyuma, anakipiga picha, anauliza jina la mhariri, halafu anapiga simu gazetini huku mgeni wake amesimama, apate kuhakikisha kwamba mtu huyo yupo kweli. Baada ya hapo ndipo anatoa kiti.

"Usikasirike," anasema. "Hapa Bunia, mutu akikuuliza jina ya paka yako, weye unajiuliza juu ya nini anataka kuijua."

Na nani atamlaumu? Katika mji ambao kila mgeni ana jirani anayemhesabia hatua, tahadhari ni adabu kama adabu nyingine.

Valérie ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Butembo, akaletwa Bunia na wazazi waliofuata biashara ya chumvi na sabuni. Wazazi walirudi, yeye akabaki. Kibanda chake ni kile ambacho wenyeji wanakiita sekretaria: kompyuta moja, printa moja, jenereta dogo lenye kikohozi, na benchi la wateja. Ukurasa mweusi ni franga mia tano, wa rangi ni elfu moja. Siku ikiwa njema anarudi nyumbani na elfu ishirini. Siku barabara zikifungwa, anarudi na njaa.

Anaandika kila kitu. Barua za kuomba kazi, za kuomba msamaha, za kumbembeleza mwenye nyumba avumilie hadi mwisho wa mwezi. Lakini tangu vijiji vya wilaya jirani ya Djugu vilipoanza kuungua mwishoni mwa mwaka 2017, kazi iliyozipita zote ni matangazo ya misiba. Jina, umri, mahali pa matanga, na kuzunguka hayo yote, fremu nyeusi. Kuna wiki moja aliandika kumi na tisa.

"Fremu ni ile ile, nabadilisha tu jina ndani," anasema. "Siku moja nikachoka. Nikaishika ile mustari ya fremu, nikaivuta inje, nikaiacha iende kwenye inataka."

Ndivyo ilivyoanza. Mstari ulitoka nje ya tangazo, ukapinda, akauongezea wa pili, wa tatu akaupaka rangi ya buluu. Hakuwa amechora mtu wala nyumba wala mti. Ilikuwa mistari mitupu, na alishangaa kuona kifua kimekuwa chepesi. Uchoraji hakuwahi kuusomea hata siku moja. Alipakua kwenye simu programu ya kuchorea isiyolipiwa, akawa anachora kwa kidole wateja wanapokosekana, juu ya kioo chenye ufa.

Miezi michache baadaye mteja mmoja alimwonyesha kikundi cha mtandaoni cha watu wanaoanza kujifunza picha za namna hiyo. Humo wanaandika Kiswahili na Kifaransa vikiwa vimekorogwa chungu kimoja. Sheria ni moja tu: ukiweka picha yako, ukubali kuambiwa ukweli. Valérie aliweka ya kwanza saa tano asubuhi, akazima simu, akaenda kuchapa kazi ya mtu. Alipoiwasha akakuta maoni mawili. La kwanza lilikuwa la mwanamke anayejiita Élise, aliyesema kuku aliyekanyaga matope anajua anakokwenda kuliko mistari hii. La pili lilikuwa la Xavier.

Tuseme wazi tangu sasa: huyu Xavier hakuna anayemjua. Mahali pa uso wake ameweka picha ya chungu cha udongo. Hasifii mtu. Anaandika kwa ufupi, alfajiri, kwa namna ya mwalimu aliyechoshwa na darasa: kona ya juu ni tupu, buluu imezidi, mstari huu unaogopa nini kufika mwisho? Valérie alikuwa ananuna, anaitupa simu kwenye mkoba, kisha anairudia picha na kukuta kwamba mtu yule asiye na uso amesema kweli.

"Élise ananitukana tu," anasema. "Xavier ananitukana vizuri."

Siku moja Xavier aliuliza: uko wapi? Kwingineko hilo ni swali la salamu. Valérie alikaa nalo nusu saa nzima, simu mkononi. Mtu anayetaka kujua uko wapi, kesho atataka kujua unalala na nani na mlango unaufunga kwa kufuli gani. Akamjibu kwamba yuko Kisangani. Kisangani hajafika maishani mwake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilichukua miezi miwili tu.

Picha iliyoleta balaa ilikuwa ya ishirini na sita. Ilikuwa na mistari mitano ya buluu inayokutana upande wa kulia, juu ya uwanja wa njano. Xavier akasema picha inaangukia kulia, weka kitu chini kushoto. Vitu vitatu, vidogo, vyekundu. Valérie akaweka nukta tatu. Xavier akasema sogeza, akasogeza. Shusha ya kati, akashusha. Toa moja. Hapana, irudishe.

Kwa kuwa kioo cha simu kinadanganya rangi, kila badiliko alilichapa kwenye nusu ya karatasi, akalitazama juani mlangoni, kisha akalitupa kwenye boksi chini ya meza. Na boksi lile lilikuwa na mwenyewe.

Mama Jemima, anayekaanga mandazi hatua ishirini kutoka kibandani, ndiye aliyekuwa akichukua karatasi zote zilizoharibika. Wala si yeye peke yake. Bunia nzima inafunga mandazi na karanga kwa karatasi za maofisi, na mtu mwenye jicho anaweza kusoma talaka ya jirani yake huku anakunywa chai. Hakuna anayejali. Karatasi inalowa mafuta, inafinyangwa, inatupwa.

Katsuva hakuitupa yake. Huyu ni mchuuzi wa maharagwe, jirani wa mtaa mmoja na Valérie, mtu asiyetupa hata kamba ya gunia. Jumanne moja ya mwezi wa kumi mwaka jana alinunua mandazi matatu, akayala kabla ya kupanda pikipiki kuelekea Marabo, nje ya mji. Nyuma ya ile karatasi aliandika kwa kalamu idadi ya magunia aliyoagizwa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Marabo akapekuliwa na watu wenye bunduki. Karatasi ikafunguliwa. Mistari mitano inakutana mahali pamoja. Nukta tatu nyekundu. Nyuma, tarakimu. Yeyote aliyeishi mkoa huu wa Ituri miaka hii ya vita anajua macho ya watu wale yaliona nini: njia tano, vijiji vitatu, na hesabu ya watu waliomo.

"Nikabaambia ni karatasi ya mandazi," Katsuva anasimulia. "Bananiuliza, sasa mandazi iko wapi? Na miye nilikuwa nimeisha kuikula."

Anacheka anapofika hapo. Mkewe, Espérance, hacheki.

Akarudishwa Bunia, kwenye ofisi moja. Gazeti hili limeombwa lisiitaje, na halitaitaja.

Mtaani kwao habari hii inasimuliwa hivi. Alhamisi asubuhi Valérie alikuwa sokoni, akasikia watu wakisema Katsuva ameshikwa na karatasi yenye nukta nyekundu. Akajua papo hapo ni ya kwake. Hakurudi hata kufunga kibanda, alikwenda moja kwa moja ofisini kusema picha ile ameichora yeye. Ndivyo alivyomweleza mwandishi siku ya kwanza, akiangalia printa yake. Na yaliyotokea ndani ya ofisi yana mashahidi.

Mkubwa wa pale, ambaye wote walimwita shefu, aliiweka karatasi mezani. Ilikuwa na doa la mafuta katikati. Akauliza hizi ni barabara zipi. Valérie akasema si barabara. Zinatoka wapi? Hazitoki popote. Zinakwenda wapi? Haziendi popote. Shefu akauliza mtu mwenye akili zake anachora kitu kisichotoka popote na kisichokwenda popote kwa sababu gani.

Valérie akatoa simu aonyeshe kikundi na maoni, akidhani ndiyo dawa. Kumbe alikuwa anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Shefu alianza kusoma kwa sauti: weka vitu vitatu chini kushoto, vyekundu. Sogeza. Shusha ya kati. Akainua macho. Ni nani huyu anayekuelekeza pa kuweka nukta? Valérie akasema hamjui. Anakaa wapi? Hajui. Anafanya kazi gani? Hajui. Shefu akaendelea kupekua, akafika pale Valérie alipoandika kwamba yuko Kisangani.

"Uko Kisangani?"

"Niko hapa, shefu."

"Sasa ulimudanganya juu ya nini?"

"Juu simujui."

"Na miye, unanijua?"

Valérie alikuwa anahesabu moyoni ni mambo mangapi amekwisha kumwambia mtu huyu ambayo hata dada yake hayajui.

Shefu akaamuru Xavier apigiwe hapo hapo, sauti isikike chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza Valérie kumsikia. Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, yenye makohozi. Shefu akajitambulisha kuwa kaka yake Valérie. Xavier akauliza, kaka wa baba au wa mama? Shefu akasema wa baba. Vizuri, huyo baba anaitwa nani? Shefu akamtazama Valérie, na Valérie, kwa hofu, jina la baba yake mzazi likamtoka kichwani. Simu ikakatwa. Walipopiga tena haikupatikana.

Kwa shefu, mtu anayekata simu ana la kuficha. Kwa Xavier, bila shaka, kaka asiyejua jina la baba yake ni mbaya zaidi. Kila mmoja alikuwa na haki yake ya kushuku, na kati yao alikaa Valérie.

Hapo ndipo alipokumbuka boksi, ambalo Mama Jemima alikuwa amelikomba jana yake jioni. Akaomba mtu atumwe kwa Mama Jemima, akachukue karatasi zilizobaki. Mtu akaenda, akarudi mikono mitupu. Yule mama amesema hajawahi kupokea karatasi kwa Valérie, yeye mandazi yake anayafunga kwa majani ya ndizi. Msimcheke. Ukiulizwa na mtu wa ofisi ile kama unaijua karatasi fulani, jibu la salama ni kwamba hata kusoma hujui.

Lakini saa moja haikupita, Mama Jemima akatokea mwenyewe mlangoni, beseni kichwani, miguu imejaa vumbi. Aliwaambia kwamba mafuta yaliyo kwenye karatasi ile ni mafuta yake, na kwamba amekaanga kutwa nzima akimwona Katsuva kwenye sufuria. Ndani ya beseni, chini ya kitambaa, zilikuwamo karatasi kumi na saba za picha ile ile.

Shefu akazipanga mezani. Meza ikajaa, nyingine akazipanga sakafuni. Kila moja ilikuwa na nukta zake mahali pengine. Hapa zimepanda, hapa zimeshuka, hapa zimebaki mbili, hapa zimerudi tatu. Akaishika simu, akaanza kulinganisha. Sogeza, ndiyo hii. Shusha ya kati, hii hapa. Toa moja, hii. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, mwishowe akawa ameketi chini kabisa. Alirudi nyuma picha kwa picha, miezi mitano ya kukosolewa, mpaka akafika ya kwanza na yale maneno ya Élise kuhusu kuku. Hapo alicheka mpaka akajifuta macho.

"Kijiji haiwezi kuhama mara kumi na saba," alisema.

Kwenye benchi la kibanda cha Valérie wanakaa kila siku watu wa Djugu ambao kijiji chao kimehama mara nne na hakijapata pa kutua.

Katsuva alitolewa jioni ile ile. Karatasi zote zilibaki ofisini. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji tena, kwa sababu vilivunjwa usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, na kwa mchuuzi anayefunga magunia kwa kamba, hilo si jambo dogo. Siku hizi analipa mtu wa kumfungia.

Baada ya hapo mtaa ukagawanyika. Wengi walimsifu Valérie: mwanamke aliyeingia mwenyewe mahali ambapo wanaume hupita ng'ambo ya barabara. Wachache walinong'ona. Mbona aliachiwa siku hiyo hiyo? Ana nani mule ndani? Mpaka leo wapo wateja wanaokuja na barua zao na kusimama nyuma ya bega lake hadi waone faili limefutwa. Yeye hawagombezi. Anafuta, anawaonyesha, na asubuhi anachoma. Mama Jemima naye amekuwa mkweli kwa kuchelewa, maana sasa kweli anafunga mandazi kwa majani ya ndizi.

Xavier alipotea wiki tatu. Kisha alfajiri moja akaandika chini ya picha mpya: kona ya juu ingali tupu. Kuhusu ile simu hakusema neno, na Valérie hakumuuliza. Alichofanya ni kuandika kikundini kwamba Kisangani ilikuwa uongo, yeye ni mtu wa Bunia. Kabla ya jioni watu wanne walikuwa wamemjibu kwa siri. Mmoja alikuwa akijiita mtu wa Goma, mwingine wa Kampala, wa tatu wa Kindu, na wa nne, Mungu amsamehe, wa Paris. Wote wanne wanaishi Bunia. Mmoja anauza vocha za simu mtaa wa pili kutoka kibandani.

Hapo habari ingekuwa imekwisha, na ingekuwa nzuri tu. Lakini mwandishi alikwenda nyumbani kwa Katsuva kuona vile vidole.

Espérance alimkaribisha vizuri. Alizungumza juu ya Valérie kwa upendo usio na kifundo. Alisema alimpelekea kuku jike wa shukrani, kuku wake mwenyewe wa kutaga, na kwamba kuku ni kidogo. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na nakala ya barua aliyoipeleka ofisini kuomba mumewe aachiwe. Alitaka kuonyesha kwamba Valérie ndiye aliyemchapia, tena bila kupokea hata franga moja. Ndiyo roho yake, alisema, hata kabla hajajua lolote.

Barua ilikuwa imechapwa kwa usafi. Juu lilikuwapo jina la kibanda, na chini yake tarehe. Tarehe ilikuwa ya Jumatano. Aya ya pili ilisema kwamba mume wa mwombaji amekutwa na karatasi yenye mistari ya buluu na nukta tatu nyekundu, ambayo hajui ni ya nani.

Kazi ya uandishi inampa mtu jicho baya. Mwandishi aliisoma tarehe mara mbili, akaikunja barua, akairudisha kwenye ule mfuko wa plastiki, akashukuru kwa chai.

Kesho yake alirudi kibandani. Valérie alikuwa anachora, kidole kikizunguka juu ya kioo, uso umetulia. Mwandishi akamuuliza ile barua ya Espérance iliandikwa siku gani. Kidole kikasimama. Akaigeuza simu kifudifudi, akamwomba mteja aliyekuwa kwenye benchi arudi baadaye, akaurudisha mlango nusu.

"Jumatano," alisema. "Saa tisa."

Kisha akasimulia bila kuulizwa tena. Espérance aliingia akitoka kule ofisini alikoambiwa kosa la mumewe, kitambaa cha kichwa kimelegea, akakaa, akaanza kumsomea maneno ya kuandika. Alipofika kwenye mistari ya buluu, mikono ya Valérie ilipunguza mwendo. Alipofika kwenye nukta tatu nyekundu, ilisimama. Espérance alidhani hakusikika vizuri, akarudia polepole, neno kwa neno. Valérie akaliandika. Boksi lilikuwa chini ya meza, limegusa miguu ya Espérance, na ndani yake, juu kabisa, ilikuwamo picha ile ile. Akachapa nakala mbili, akazipiga muhuri, akampa.

"Nilikuwa najua," alisema. "Kila neno nilikuwa najua. Nikawaza, nikisema, ni miye batapeleka kule. Nikamuambia tu, mama, usilipe."

Usiku ule hakulala. Alfajiri aliona heri lolote liwe, akaenda. Sokoni hakupita. Habari ya soko aliibuni baadaye, watu walipomuuliza alijuaje, na watu wakaipokea bila kuichunguza. Kati ya saa tisa ya Jumatano na asubuhi ya Alhamisi ndipo vidole vya Katsuva vilipovunjwa. Amelihesabu hilo mara nyingi, saa kwa saa, na hesabu haibadiliki.

Aliona haya kulia mbele ya mgeni, akageuka kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Yule kuku yuko uani, alisema, ameshatotoa mara mbili. Hawezi kumchinja, wala kumwuza, wala kumrudisha.

"Mu Bunia, kila mutu anashuku mwenzake," alisema. "Miye mwenye nilipashwa kushukiwa, huyu mama ananiombea ku misa."

Mwandishi alimweleza ukweli. Habari hii ataiandika pamoja na siku ya Jumatano, au hataiandika kabisa.

Valérie akaeleza mpango wake, jenereta likikohoa nje. Amekuwa akiweka akiba ili aichape picha ya ishirini na sita kubwa, mita mbili kwa moja, kwenye turubai, jina lake likisomeka chini. Wale wanne wa kikundi nao watachapa za kwao. Wamekwisha kuomba ukumbi wa parokia kwa siku moja, mwezi wa sita, waone watu watasema nini wakiziona ana kwa ana. Wanataka kukosolewa na watu wenye nyuso. Hata Élise amealikwa, popote alipo. Nukta ataziacha zote tatu, nyekundu vile vile, pale pale chini kushoto.

"Lakini siwezi kuitundika, halafu Mama Espérance aipite akiniambia asante," alisema.

Akaomba gazeti lingoje mpaka Jumapili baada ya misa. Mwandishi alikubali, ingawa, tusifichane, hakuamini sana. Watu wengi huomba muda ili wapate kubadili mawazo, na kama angebadili, nani angemhukumu? Ni jambo moja kuingia ofisi ya watu wenye bunduki. Ni jambo jingine kumwambia mwanamke anayekupenda kwamba ulimchapia barua yake huku jibu liko chini ya meza.

Jumapili saa nane mchana ujumbe uliingia kwenye simu ya mwandishi. Ulikuwa na maneno mawili.

"Nimemuambia. Andika."

Mwandishi akauliza Espérance amesema nini. Jibu lilichukua karibu saa nzima kufika.

"Hajasema kitu. Lakini hajasimama kuenda. Tungali tumeikala naye hapa."